Cheche na Maji: Historia ya Ufundi wa Taimingi na Joto la Injini katika Magari ya Kale

Injini ya petroli ni mashine ya joto. Petroli inapoungua ndani ya silinda, joto linalozaliwa hugawanyika katika mafungu makubwa matatu: la kwanza husukuma pistoni na kuzungusha magurudumu, la pili hutoka pamoja na moshi kupitia ekzosi, na la tatu huzama katika kuta za silinda, likapokelewa na maji na kupelekwa kwenye rejeta ili upepo uliondoe. Mgawo huo si wa kudumu. Hutegemea sana wakati ambapo cheche ya umeme inaruka kwenye plagi na kuuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, wakati ambao mafundi wa Afrika Mashariki huuita taimingi. Cheche ikichelewa, mchanganyiko huungua pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka, nguvu inayopatikana hupungua, na gesi huwa bado inawaka vali ya kutolea moshi inapofunguka, hivi kwamba joto lililopaswa kuwa kazi hugeuka mzigo wa vali, wa ekzosi na wa maji. Dereva naye, akiona gari limelegea, hukanyaga mafuta zaidi, na joto huzidi tena.

Hata hivyo, kwa muda mrefu matatizo haya mawili yamesimuliwa kama habari mbili zisizohusiana: injini kuchemsha kulihesabiwa kuwa ugonjwa wa maji, na taimingi mbaya ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa umeme. Historia ya magari haiungi mkono utengano huo. Tangu mwanzo kabisa cheche na maji vilikwenda pamoja, na fundi aliyetafuta tiba kwenye rejeta peke yake mara nyingi aliishia kulirekebisha lisiloharibika.

Nikolaus Otto alipokamilisha injini ya mapigo manne mwaka 1876, tatizo la kuwasha mchanganyiko kwa wakati unaofaa lilikuwa gumu kuliko lile la kuupata mchanganyiko wenyewe. Gottlieb Daimler alitumia bomba dogo lililopashwa moto kwa nje mpaka likawa jekundu. Pistoni ilipoukandamiza mchanganyiko na kuusukuma ndani ya bomba hilo, ukawaka. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini haikumpa mtu uwezo wa kuamua hasa ni lini moto uanze. Karl Benz, ambaye gari lake la magurudumu matatu lilipewa hataza namba 37435 mwaka 1886, alichagua umeme, na kwa uamuzi huo taimingi ikawa jambo ambalo mkono wa mwanadamu ungeweza kulirekebisha. Kuhusu joto, Benz aliacha maji yachemke na kugeuka mvuke, kisha yaongezwe mengine. Mkewe, Bertha Benz, alipoliendesha gari la aina hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwezi Agosti 1888, safari ya zaidi ya kilomita 100, alilazimika kutafuta maji njiani mara kwa mara. Katika gari hilo kuchemsha hakukuwa hitilafu. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kupoa, na kwa sababu hiyo mvuke haukuweza kumwambia dereva chochote kuhusu afya ya injini.

Mvuke ulianza kuwa dalili pale ulipoacha kuwa wa kawaida. Badiliko hilo lililetwa na Wilhelm Maybach kwa rejeta ya mfano wa sega la nyuki, iliyofungwa kwenye gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 la mwaka 1901. Rejeta hiyo iliundwa kwa vijibomba 8,070 vya mraba, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6, ambamo upepo ulipita huku maji yakizunguka katikati yake, na lita 9 tu za maji zikatosha kwa kazi iliyokuwa ikihitaji maradufu yake. Tangu hapo maji yakawa yamefungwa katika mzunguko mmoja, na injini iliyochemsha ikawa injini yenye kasoro. Haja ya utambuzi, yaani kuuliza kasoro hiyo iko wapi, ilizaliwa pamoja na rejeta hiyo.

Upande wa umeme nao ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart ilifunga magneto, kifaa kinachozalisha umeme wake chenyewe kwa kuzunguka ndani ya sumaku, kwenye chombo cha barabarani mwaka 1897, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaiboresha iweze kutoa umeme wa volti kubwa na kurusha cheche kupitia plagi. Nchini Marekani, Charles Kettering alibuni mfumo wa betri uliofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1910, na mfumo huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndio uliotawala magari ya petroli kwa zaidi ya nusu karne. Umeme wa betri hupita kwenye koili, ambayo ni waya mwingi uliosokotwa kuzunguka chuma, kisha hupita kwenye pointi, ambazo ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Pointi zinapoachana, umeme hukatika ghafla, sumaku ya koili huporomoka, na volti maelfu kadhaa huzaliwa. Distribyuta, chombo cha mviringo kinachozungushwa na injini, huufikisha umeme huo kwenye plagi inayostahili kwa zamu, na kondensa hunyonya cheche ndogo ambayo vinginevyo ingeziunguza pointi. Pointi hizo, zisizozidi ukucha wa kidole kidogo, ndizo zilizokuja kuwa chanzo cha hitilafu nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mfumo.

Gari lililoufundisha umma uhusiano wa cheche na joto ni Ford Model T, lililotengenezwa kati ya mwaka 1908 na 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15. Upande wa kushoto wa usukani wake palikuwa na wenzo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche, na upande wa kulia palikuwa na wenzo wa mafuta. Dereva alichelewesha cheche kabla ya kuzungusha hendeli, kisha akaiwahisha injini iliposhika kasi. Aliyesahau kuichelewesha aliadhibiwa papo hapo, kwa kuwa mchanganyiko uliwaka kabla pistoni haijafika juu, injini ikarudi kinyume, na hendeli ikauvunja mkono. Mvunjiko huo wa mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba madaktari waliupa jina la madereva. Aliyesahau kuiwahisha baadaye hakuumia, lakini injini yake ilichemsha. Katika karibu magari yote ya aina hiyo maji hayakusukumwa na pampu. Yalizunguka yenyewe, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi na hupanda, na ya baridi ni mazito na hushuka. Hivyo mfumo haukuwa na akiba ya kuvumilia uzembe wa cheche. Kijitabu walichopewa wenye magari hayo kilitaja sababu za injini kuchemsha, na ni jambo la kuzingatiwa kwamba masizi kwenye silinda, cheche iliyocheleweshwa mno, umeme dhaifu, oili mbaya na kabureta isiyorekebishwa vilitangulia katika orodha, ilhali mkanda wa feni, rejeta iliyoziba na upungufu wa maji vilikuja mwishoni. Mpangilio huo ulikuwa sahihi, na inasikitisha kwamba ulisahaulika upesi.

Karibu wakati huohuo wenye magari walianza kufunga juu ya kifuniko cha rejeta kipimajoto cha kioo kilichojulikana kwa jina la Boyce MotoMeter, ambacho dereva alikisoma akiwa kwenye kiti chake. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichoenea cha kuonya juu ya joto kabla ya mvuke kutokea. Lakini kilipima hewa na mvuke uliokuwa juu ya maji, na maji yakipungua sana kingeweza kuonyesha ubaridi wakati injini inaungua. Hata geji za umeme zilizokuja baadaye zilirithi udhaifu huo, kwani kihisio kisichofikiwa na maji hakipimi maji.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, dalili nyingine ilichukua nafasi kubwa, nayo ni kugonga, yaani sauti kali inayosikika injini inapolemewa mlimani. Harry Ricardo wa Uingereza alionyesha kwamba sauti hiyo hutokea pale ambapo sehemu ya mwisho ya mchanganyiko, iliyobanwa na moto unaoisogelea, inalipuka kwa mkupuo mmoja badala ya kuungua kwa utaratibu. Mlipuko huo huivunja tabaka nyembamba ya gesi inayokinga chuma, na joto likaingia kwenye kichwa cha pistoni kwa wingi kiasi cha kuweza kukitoboa. Ikadhihirika basi kwamba taimingi huleta joto kutoka pande mbili: cheche iliyochelewa huzipasha moto vali na ekzosi, na cheche iliyowahi mno hupasha moto pistoni kwa kuifanya injini igonge. Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Kettering katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kiambata cha risasi katika petroli huizuia injini kugonga, na petroli hiyo ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Wafanyakazi walikufa kwa sumu ya risasi katika viwanda vya kuitengenezea mwaka 1924, na bado biashara iliendelea. Dunia ilinunua ukimya wa injini kwa bei ya afya ya watu, na deni hilo lililipwa kwa karibu karne nzima.

Kufikia miaka ya 1930, wenzo wa cheche ulikuwa ukiondolewa mikononi mwa dereva. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka digrii 18,000 kwa sekunde moja. Ikiwa moto unahitaji sehemu mbili za elfu za sekunde kuenea ndani ya silinda, krenki, yaani mtaimbo mkuu unaozungushwa na pistoni, itakuwa imezunguka digrii 36 kabla moto haujakamilika. Kwa mizunguko 600, muda huohuo ni digrii 7 tu. Ijapokuwa msukosuko wa hewa ndani ya silinda huuharakisha moto kadiri kasi inavyopanda, bado cheche haina budi kuwahishwa kadiri injini inavyokimbia. Distribyuta mpya zilifanya kazi hiyo zenyewe kwa njia mbili: vipande viwili vya chuma vyenye springi, ambavyo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuisogeza cheche mbele, na kibonge chenye utando wa mpira ambacho hufyonzwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta na kuiwahisha cheche injini inapokuwa haina mzigo mkubwa. Dereva alipumzika, lakini kasoro ilipata maficho. Springi iliyolegea, vipande vilivyoshikwa na kutu, au utando uliopasuka haukuonekana kwa nje wala haukuleta hitilafu injini ilipokuwa ikinguruma polepole gereji. Kasoro hiyo iliibuka barabarani, kwenye mwendo mrefu, kwa sura ya sindano ya joto inayopanda. Hapo ndipo rejeta ilipoanza kulaumiwa kwa makosa yasiyo yake.

Afrika Mashariki iliyapokea magari hayo katika mazingira ambayo wabunifu wake hawakuwa wameyawazia. Lionel Galton-Fenzi, mwasisi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, aliendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, wakati ambapo njia hiyo haikustahili hata kuitwa barabara. Ufundi ulishikwa kwanza na Wahindi, hasa Masingasinga ambao Waswahili waliwaita Makalasinga, wengi wao wakiwa na mizizi katika karakana za reli iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Vijana wa Kiafrika waliingia humo kama wasaidizi wa kushika spana na kuosha vipuri kwa petroli, wakajifunza kwa macho na masikio, kisha wakafungua sehemu zao wenyewe chini ya miti na kando ya barabara. Kutokana na kufanya kazi bila paa, sekta hiyo nzima nchini Kenya ikaitwa jua kali, na ilikuwa miongoni mwa kazi ambazo taarifa ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilizitambua kuwa uchumi wa kweli. Mafundi hao ndio waliokipa Kiswahili msamiati wa injini: plagi, koili, rota, pointi, rejeta, gasketi, na vitenzi ambavyo haviko katika kitabu chochote cha kiwandani, kama vile injini kumisi, maana yake silinda moja kuruka zamu yake, na gari kuchemsha.

Barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa darasa lao kuu, kwa kuwa inapanda kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,700. Mombasa maji huchemka kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi. Nairobi huchemka kwa takriban 94, na kwenye miinuko ya Timboroa, upande wa magharibi wa Bonde la Ufa, kwa takriban 91. Injini ambayo pwani ina maji ya moto sana lakini yaliyotulia, bara inamwaga mvuke ilhali joto lake halijaongezeka hata kidogo. Kifuniko cha rejeta chenye springi, kinachoyaweka maji chini ya shinikizo, kiliipunguza hatari hiyo, kwani shinikizo la nusu ya lile la hewa ya pwani hukipandisha kiwango cha kuchemka hadi takriban nyuzijoto 112 Mombasa na 107 au 108 Nairobi. Lakini mpira wa kifuniko ukipasuka, faida yote hupotea, na kipuri hicho cha bei ndogo kimezifanya rejeta nyingi nzima zifumuliwe bure.

Taimingi nayo huathiriwa na safari hiyohiyo, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Hewa ya Nairobi ina takriban asilimia 83 tu ya shinikizo la hewa ya Mombasa, silinda hujaa kidogo, mchanganyiko huungua polepole zaidi, na injini haigongi upesi. Kwa hiyo fundi wa Nairobi anaweza kuiwahisha cheche digrii kadhaa na gari likachangamka. Gari hilohilo likishuka pwani, mahali ambapo hewa ni nzito na ya moto, huanza kugonga. Kwa upande wake, gari lililotegwa Mombasa likipanda bara huwa na cheche iliyochelewa kwa mahitaji ya huko na kabureta inayotoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na yote mawili hulifanya lichoke na kupata moto mlimani, huku maji yake yakiwa tayari yamekaribia kuchemka. Kwa hakika hakuna mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba maji na cheche ni suala moja: mwinuko mmoja wa ardhi huvihukumu vyote viwili kwa pamoja.

Utaratibu wa utambuzi uliokomaa katika mazingira hayo, hasa juu ya Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1948 na kuenea kwa polisi, misheni, wakulima na mbuga za wanyama, ulianza kwenye distribyuta. Fundi alifungua kifuniko, akatazama kama kina ufa au mstari mweusi wa umeme unaotoroka, kisha akapima nafasi ya pointi kwa kipande chembamba cha chuma kinachoitwa filageji. Kwa distribyuta za Lucas zilizofungwa kwenye magari hayo, nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kipimo hicho ni nyeti kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kisigino cha pointi, ambacho husuguana na mtaimbo unaozunguka, hulika kadiri siku zinavyopita, na kikilika pointi huchelewa kuachana, na cheche nayo huchelewa. Gari lisiloguswa kwa miezi mingi huchelewesha cheche yake lenyewe, kidogo kidogo, mpaka mwenyewe anauzoea udhaifu wake na hugutuka tu linapochemsha.

Pointi zikishawekwa sawa, ndipo taimingi ilipopimwa. Njia ya kale, inayofanyika injini ikiwa imezimwa, ilihitaji balbu ndogo tu: waya wake mmoja uliungwa kwenye koili upande wa distribyuta na mwingine kwenye bodi ya gari, krenki ikazungushwa polepole, na papo hapo pointi zilipoachana balbu ikawaka, alama ya kwenye puli au flaiwili ikasomwa, na distribyuta ikageuzwa mpaka balbu iwake mahali panapotakiwa. Gereji zenye uwezo zilitumia taa ya kumweka, ambayo humulika kila plagi ya silinda ya kwanza inaporusha cheche na kuifanya alama inayozunguka ionekane imesimama. Faida yake kubwa ni kwamba injini inapoongezwa mafuta alama hupaswa kusogea, na isiposogea fundi hutambua kwamba vile vipande vya chuma vya ndani ya distribyuta vimeganda. Alama inayotetemeka na kuchezacheza huwa ushahidi wa mtaimbo wa distribyuta uliolika au mnyororo wa taimingi uliolegea, na mnyororo uliolegea huchelewesha cheche na vali kwa pamoja. Taa nayo yaweza kudanganya. Puli zilizounganishwa kwa mpira katikati huteleza zinapozeeka, na alama ikahama mahali pake. Ndiyo maana mafundi waangalifu walitoa plagi ya kwanza, wakaingiza kijiti kwenye tundu lake na kuthibitisha kwamba pistoni iko juu kweli alama inaposema hivyo.

Ni baada ya hayo tu ndipo maji yalipoangaliwa: mkanda wa feni unaoteleza, mipira ya kupitishia maji inayojibana inapofyonzwa na pampu, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta ambayo huashiria gasketi iliyokatika, na chokaa. Maji ya visima vya pwani na ya mabwawa ya bara yenye magadi yaliacha ganda ndani ya rejeta na kuzunguka silinda, na mafundi wa rejeta wakawa na kazi yao maalumu ya kufungua matangi yake na kupitisha fito nyembamba katika kila mrija.

Lakini desturi moja iliyoenea katika gereji za ukanda huu inastahili kulaumiwa waziwazi, nayo ni ya kutoa thermostati na kuitupa. Thermostati ni mlango unaofunguka maji yakipata moto na kufunga yakiwa baridi, na hoja ya wanaoitoa ni kwamba nchi za joto haziihitaji. Hoja hiyo haina msingi. Injini isiyofikia joto lake hulika haraka na kuchafua oili, hasa kwenye asubuhi za baridi za Limuru au Njombe; na katika injini zenye njia ya pembeni ya maji, ambayo thermostati hupaswa kuiziba inapofunguka, kuitoa huruhusu sehemu ya maji ya moto irudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha zaidi kuliko mwanzo. Desturi hiyo ilishamiri kwa sababu joto lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa maji peke yake.

Iwapo ushahidi wa kinyume ulihitajika, Volkswagen ya mgongo wa kobe iliutoa, kwani haikuwa na maji ya kulaumiwa. Injini yake ilipozwa kwa hewa inayosukumwa na feni ndani ya bati lililoizunguka, na kwa miaka mingi kipozeo cha oili kilisimama ndani ya bati hilo, kikiikinga silinda ya tatu isipate upepo wa kutosha. Silinda hiyo ilipata moto kuliko wenzake, na vali yake ya kutolea moshi ndiyo iliyovunjika mara nyingi zaidi. Kabla kiwanda hakijakihamishia kipozeo hicho kwenye njia yake ya pekee kwa magari ya mwaka 1971, suluhisho lililowekwa katika baadhi ya distribyuta lilikuwa la kushangaza: mtaimbo wa distribyuta ulichongwa ili cheche ya silinda ya tatu ichelewe digrii chache kuliko za wenzake, isije ikagonga. Wahandisi walikubali hasara ndogo ya nguvu ili kuiokoa pistoni, wakitibu joto kwa taimingi. Fundi asiyejua siri hiyo aliona alama zisizolingana akadhani distribyuta imelika, akaibadilisha kwa nyingine isiyo na ucheleweshaji, na silinda ya tatu ikaanza kugonga.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliyapima magari haya mbele ya umma. Volkswagen ilishinda mwaka 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad, kisha Peugeot 404 ikatwaa ushindi mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na mara ya kwanza na ya mwisho walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Miongoni mwa sifa za 404 ni feni yenye sumaku ya umeme iliyojiunga na injini maji yalipopata moto na kujitenga yalipopoa, kifaa adimu kwa gari la bei ya kawaida wakati huo. Sifa hiyo ilihitaji fundi mwenye maarifa, kwani sumaku isiyoshika ilileta dalili zilezile za rejeta iliyoziba, na watu wengi waliifunga feni moja kwa moja kwa bolti ili isitoke kabisa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na sifa yake kubwa ilikuwa kuifikisha injini mwisho wa safari.

Mifumo ya cheche ya kielektroniki iliziondoa pointi kuanzia miaka ya 1970, na magari yaliyotumika kutoka Japani yalipojaa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kompyuta ikachukua nafasi ya sikio. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na ilipokoma kuuzwa duniani, Algeria ikiwa nchi ya mwisho mwezi Julai 2021, tangazo lilitolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lenye makao yake Nairobi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Umewaachia wenye magari ya kale jukumu jipya, kwa kuwa risasi ilikuwa pia ikikinga vikalio vya vali. Katika injini za chuma ambazo hazijawekewa vikalio vigumu, vali huzama taratibu, nafasi yake hupotea, haifungi tena sawasawa, na moto hupenya pembeni mwake. Dalili ya mwisho ni ileile: gari linachemsha, na mwenyewe anakwenda kununua rejeta.

Tangu mwaka 2003 mashindano ya Safari ya magari ya kale hufanyika Kenya, na Land Rover zenye pointi bado zinapanda mlima wa Kitonga na kuvuka mito ya Ruaha nchini Tanzania. Wanaozitengeneza ni wazee, na maarifa yao hayamo katika mtaala. Vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania na vile vya Kenya viwaalike wazee hao kufundisha wangali na nguvu, na wanaotunga kamusi waende nao gereji kuandika maneno yao kama yanavyosemwa. Kazi hiyo haidai vyombo vikubwa: inatosha kuwa na daftari, filageji, balbu moja yenye nyaya mbili, na injini ya kale inayowaka.